Uso Mkubwa Kama Mlango

Milembe alikuwa mpiga picha hodari pale Bariadi, lakini alikuwa bahili, na ubahili wake aliuficha ndani ya kamera. Tangu ainunue aliiacha kwenye S, ile alama ya picha ndogo, ili memori kadi moja ibebe harusi nzima, kuanzia kanisani hadi kukata keki. Wateja walipewa picha za ukubwa wa kiganja, wakaridhika. Nani angejua?

Aliyekuja kujua ni bibi yake, Mboje wa Zagayu, ambaye hata kuona alikuwa haoni vizuri. Macho yake yalikuwa yanazimika, na daktari alishasema hayo yaliyobaki hayatafika mbali. Ng'ombe akisimama mlangoni, bibi alimwona. Uso wa mtu ulimkwepa. Na huyu ndiye aliyemlea Milembe tangu mama yake, Elizabeth, alipofariki na kumwacha na miaka miwili.

"Mayu, mama yangu," bibi alimwambia siku moja akimpapasa shavu, "siku hizi nakusikia tu. Uso wako niliuacha ukiwa wa mtoto wa shule. Nitengenezee mkubwa kama mlango, niuone kabla giza halijafunga."

Milembe alirudi mjini moyo ukimuuma. Kinyozi hajinyoi: picha yake ya maana ilikuwa moja tu, aliyopigwa na rafiki yake Joyness kwenye harusi huko Nyashimo, kwa kamera hiyohiyo. Akaipeleka kwa Nassib, mchapaji wa mabango, ikachapwa kwenye turubai, akaikunja na kukimbilia Zagayu bila kuikagua.

Bibi aliisogelea mpaka pua ikagusa. Kisha akauliza kwa adabu, "Majaruba haya ya nani?"

Na kweli, ukiutazama kwa karibu, uso wote ulikuwa vipande vya mraba tu, kimoja ubavuni mwa kingine, kama mashamba ya mpunga. Majirani waliokuja kuitazama wakacheka. Milembe akacheka nao, halafu akazunguka nyuma ya nyumba akalia.

"Dada yangu," Nassib alimwambia aliporudi kulalamika, "mashine yangu haizai. Inakuza kilichopo. Ukubwa unaanzia kwenye kamera, na wewe umeiweka S kama vile unapiga ya kitambulisho!"

Jumamosi Milembe alikuwa tena Zagayu, na stendi ya kamera begani. Akafungua menyu, akapandisha kutoka S hadi L, alama ya picha kubwa, na ubora akauweka juu kabisa. Idadi ya picha zilizobaki kwenye kadi ikaporomoka kutoka mia nne hadi thelathini na nane. Alitamani kuirudisha, nusura airudishe. Akaiacha.

"Leo napiga mimi," bibi akasema.

"Bibi, utanilenga vipi?"

"Wewe cheka. Nitafuata sauti."

Basi Milembe akacheka kwa kujilazimisha, na bibi akapiga picha ya paa. Akapiga ya kuku. Ya tatu, Milembe alikuwa anacheka kwelikweli, mpaka machozi, na kidole cha bibi kikabonyeza.

Hiyo ndiyo iliyokwenda kwa Nassib. Safari hii Milembe aliikagua, unywele mmoja mmoja.

Waliitundika nje, ukutani, jua la asubuhi likiwa linaipiga sawasawa. Bibi akaanza kidevuni, pua ikikaribia kugusa turubai, akipanda polepole kama mtu anayepalilia na hataki kuruka tuta. Alipofika mdomoni akasimama. Hakuendelea tena.

"Bibi? Majaruba?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huu mdomo unaanza kucheka upande wa kushoto. Wa kulia unafuata baadaye. Hukuwa hivi ulipokuwa mdogo." Akaweka kiganja juu ya turubai. "Elizabeth alicheka hivi. Hivihivi, mayu. Nilidhani nimeshamsahau."

Picha ya Elizabeth haikuwahi kuwepo hata moja, wala hakuna aliyewahi kumwambia Milembe jinsi mama yake alivyocheka. Ule mdomo alikuwa anauona kila siku kwenye kioo, akiupaka mafuta, akiwahi kazini.

Akasogea ubavuni mwa bibi, naye akaweka pua karibu na turubai, akamtazama mama yake.