Nyanya za Fausta Hazinyauki

Alasiri moja Fausta alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, Kisanga, akiloweka miche ya nyanya. Samwel, bwana shamba, alikuwa amemwachia chupa ya dawa na maelezo mafupi: haiui ugonjwa, inaamsha nguvu ya mche wenyewe, ili mnyauko ukija ukute mwenye nyumba yuko macho. Mizizi ikae ndani ya maji ya dawa mpaka jua lishuke. Nyumba nzima ilikuwa na beseni moja, na miguu ya Fausta ilikuwa imevimba kwa kuchota maji mtoni tangu alfajiri. Basi akaitumbukiza humo humo, katikati ya mizizi, akasinzia. Kwani angefanyaje? Mtu akichoka amechoka.

Mumewe, Onesphory, alikuwa amefariki, na kwa desturi ya upande wao shamba la marehemu huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mpwa huyo, Herman, hakuwa na haraka nalo, kwa sababu udongo ule ulikuwa na mnyauko na nyanya zilikufa kabla ya kuiva. Ukoo ukakubaliana Fausta alime msimu mmoja. Zikipona, shamba ni lake mpaka afe. Zikinyauka, afungashe.

Hazikunyauka. Kwa majirani majani yaligeuka manjano, na ukipasua shina unakuta kahawia tupu ndani. Kwa Fausta miche ilisimama wima. Aliyenyauka ni Fausta. Kila saa sita mchana upande wake wa kushoto uligeuka manjano kuanzia sikioni, shingo ikalegea, mkono ukaning'inia. Jua likipungua makali anainuka, anapika. Zahanati walimpima malaria, hana, wakampa panadol. Samwel alikuja na pikipiki, akamkagua kope na kucha, akasikiliza habari ya miguu na beseni.

"Mnyauko ndivyo unavyoanza, upande mmoja," alisema. "Kinga ya miche imetoka kwako, mama. Sasa ugonjwa nao lazima upate pa kukaa. Mchana usijimwagie maji, hayasaidii."

"Nitapona?"

"Zikishachumwa tutaona."

Fausta alishukuru. Alichukia kunyauka, hasa kulala chini huku wenzake wakipita na majembe, lakini shamba alilitaka zaidi. Alikuwa amelilima tangu aolewe na hakuwa na pengine. Siku alipopanda gari kwenda Mikumi kutafuta mnunuzi, hakuwa amefika mbali jirani yake Paulina akampigia simu kwamba nyanya zote zimelala chini. Akashuka, akarudi kwa miguu. Alipokanyaga tuta la kwanza, zikainuka. Paulina akamwambia basi asisafiri, akaendelea kupalilia.

Habari hiyo ilimfikia Herman. Alikuja nyanya zilipoanza kuwa nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msimu unaisha, Herman, na zimepona."

"Zimepona kweli. Lakini yale makubaliano yalikuwa ya shamba bovu. Hili sasa ni zima."

Fausta alimtazama. Aliumia, ila jua lilikuwa limeshapanda na shingo imeanza kulegea, na kugombana kunataka shingo. Akauliza tu aondoke lini.

"Uende wapi?" Herman alisema kwa upole. "Wewe huondoki, mama. Nimeshaongea na fundi."

Kibanda kilijengwa katikati ya matuta, si pembeni, ili miche ya pande zote ipate kinga yake sawasawa. Ukoo ulikuja kukiona, ukasema Herman ana utu, wajane wengine hawapati hata hicho. Fausta aliomba dirisha, akawekewa. Saa sita alijilaza, na kupitia dirishani akamsikia Herman akiwaonyesha vibarua pa kuanzia kuchuma, akiwasihi wasipige kelele, mama amepumzika.