Sungura Aliyeitwa Bodaboda

Mtu akikuambia sungura ni mnyama mpole, muulize kwanza kama amewahi kuishi naye nyumba moja. Milembe alikuwa na miaka sitini na minne. Alizaliwa Mwanhuzi kwenye boma la ng'ombe, akapigwa mateke na mitamba, akafukuzwa na madume, na hata sasa hapa Bariadi alikuwa na ng'ombe wake wawili wa maziwa nyuma ya nyumba. Lakini hakuna mnyama aliyewahi kumtoa jasho kama yule asiyejaza hata kikapu cha mayai.

Aliletwa siku ya Jumapili, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu, mikononi mwa mjukuu wake Precious, mtoto wa miaka minane. Flora, mama yake Precious, alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye hoteli ya watalii huko mbele ya Lamadi, na wafanyakazi wa hoteli hiyo hulala hukohuko, watoto hawaruhusiwi. Basi akamleta mwanawe kwa bibi, na njiani akamnunulia sungura ili asilie. Kweli mtoto hakulia. Ila hakusema kitu pia.

Boksi lilipofunguliwa, sungura alizunguka sebule mara tatu, akapita chini ya meza, akaruka ndoo ya maji na kupotelea chumbani. Hapo ndipo Precious alipotamka neno lake la kwanza katika nyumba ile.

"Bodaboda!"

Jina likamkaa, na alilistahili. Kwa wiki moja alikata waya wa chaji ya simu, akatafuna mguu wa kigoda, akamwaga maziwa ya jioni. Milembe alimfunga kamba mguuni kama mwanambuzi, akaitafuna kamba. Alimfunikia tenga la kuku, na baada ya muda tenga likaanza kutembea lenyewe sebuleni. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alilikodolea macho mlangoni, akasahau alichokuja kuomba.

"We Bodaboda!" Milembe alimpigia kelele. "Leseni unayo? Kofia ngumu iko wapi?"

Precious aligeuza uso upesi ukutani. Milembe hakujua kama mtoto alikuwa anacheka, na alitamani sana iwe hivyo.

Maana ukweli ni kwamba si sungura aliyekuwa anamnyima raha. Lilikuwa ni begi. Begi la Precious lilikaa chini ya kitanda, zipu imefungwa. Kila asubuhi mtoto alilivuta, akatoa nguo ya siku ile, akafunga zipu. Nguo ikifuliwa na kukauka, aliikunja na kuirudisha humohumo. Milembe alikuwa amehamisha vitenge vyake na kumwachia nusu nzima ya sanduku lake la mbao. Nusu ile ilibaki tupu.

"Mke mwenzangu," alimwambia siku ya tatu, kwa utani ule ule ambao bibi yake mwenyewe alimtania zamani, "sanduku lina nafasi. Au unaogopa nitakuibia magauni?" Mume waliyekuwa wakimgombania, marehemu mzee Jilala, alikuwa kaburini miaka sita, lakini utani wa bibi na mjukuu haungoji mume awe hai. Mjukuu hutakiwa kujibu. Precious alitazama chini, akasema, "Mama atanifuata," akaenda kumtafuta sungura wake. Neno lile lilimchoma Milembe.

Sasa, Milembe alijua njia moja tu ya kumfanya kiumbe mgeni apaone mahali ni kwake. Ng'ombe ukimnunua mnadani, siku za mwanzo hutazama njia aliyojia na kulia. Humpigi wala humbembelezi. Unampa mashudu ya pamba, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta. Mpe siku tatu, na ya nne hata ukimfukuza haondoki. Kwa mtoto alishajaribu: michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, samaki, maziwa mtindi. Mtoto alikula, akasema asante, akafunga zipu. Basi akaona aanzie kwa sungura. Sungura akitulia, mwenye sungura naye atatulia.

Kila asubuhi Precious akiwa shule, Milembe alichota mashudu kiganjani na kumwekea Bodaboda. Akayapenda! Siku ya kwanza alilamba mpaka sakafu. Siku ya nne hakukimbia. Alikaa kwenye kona, masikio yamelala mgongoni, mpole kama kitenge kilichokunjwa.

Milembe alifurahi, bwana. Precious aliporudi alimpokea mlangoni.

"Njoo umwone rafiki yako. Ametulia!"

Precious alipiga magoti, akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa gumu. Majani ya jana yalikuwa palepale, hayajaguswa.

"Hajatulia, bibi," alisema. "Anaumwa."

Milembe akatazama vizuri. Alishaona ndama wengi wakikaa hivyo, na alishawachimbia shimo.

Bwana mifugo, kijana mmoja anaitwa Paschal, alikuja na pikipiki yake. Alimgeuza sungura taratibu, akambonyeza, akatikisa kichwa.

"Amekula nini huyu?"

"Majani," Precious alijibu. "Mimi ndiye ninayempa." Halafu uso wake ukabadilika. "Juzi niliyakata pembeni ya shamba la pamba. Labda yalikuwa yamepuliziwa dawa." Akaanza kulia, kilio kile ambacho hakukilia siku mama yake alipoondoka. "Nimemuua. Ni mimi nimemuua."

Milembe alisimama na debe la mashudu nyuma yake. Hakuna aliyemwona akiyatoa. Na mkubwa kwao hatubu mbele ya mtoto. Yeye mwenyewe hajawahi kumsikia mama yake akisema nimekosa, hata siku moja. Angenyamaza tu, jambo lingepita. Lakini mtoto yule tayari alikuwa amebeba jambo moja, la kuachwa. Angebebaje na la pili?

"Si majani yako," alisema. "Ni mimi. Nimempa mashudu siku nne, nikakuficha. Nilitaka apazoee hapa. Nilitaka na wewe upazoee. Nisamehe, mjukuu wangu."

Precious aliacha kulia kwa mshangao. Alimtazama bibi yake muda mrefu, na Milembe hakuinamisha macho, ingawa alitamani.

"Mashudu ni ya ng'ombe, mayu," Paschal alimwambia Milembe kwa upole. "Mbegu ya pamba ina sumu ambayo tumbo la sungura haliiwezi. Mpeni maji kwa bomba hili la sindano, kidogo kidogo, na nyasi kavu. Mkandeni tumbo. Akifika kesho kutwa, mshukuruni Mungu." Alipokuwa anavaa kofia akaongeza, "Na mtafutieni pa kujificha. Huyu kwao ni shimoni. Akikosa penye giza pa kuingia, kutwa anakimbia kwa woga, nyie mnadhani anacheza."

Maneno hayo Milembe alibaki nayo. Wiki mbili alikuwa anamlisha mgeni wake wa miaka minane, anamtania, anamwita aje asalimie majirani. Pa kujificha hakumpa.

Siku mbili walipokezana, mmoja anatia maji, mwingine anakanda. Hawakuzungumza sana, na Milembe hakumlazimisha. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya shule, sungura alitafuna unyasi mmoja. Halafu wa pili. Jioni yake akapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, akazunguka sebule, akaangusha kigoda.

"Bodaboda amepona!" Milembe alipiga vigelegele. "Haya sasa, boksi lake limeoza. Tumtafutie shimo."

Precious alikwenda chumbani. Milembe alisikia zipu, akamfuata mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa amelivuta begi, amemwaga nguo zake zote kitandani, sasa anatandika nyasi ndani yake. Alipolilaza chini, sungura akalinusa, akaingia mzimamzima, akatulia.

"Na hizi nguo?" Milembe aliuliza.

Precious hakugeuka.

"Si ulisema sanduku lina nafasi, mke mwenzangu?"

Milembe alifungua sanduku. Alizikunja nguo zile moja moja, polepole, zisije zikaisha upesi.