Ngazi za Brindisi

Wambui aliiombea safari ile mpaka magoti yakamuuma. Ushirika wao wa maombi ulijazana sebuleni kwake Erdington, mjini Birmingham, wakaombea ndege, wakaombea rubani, wakaombea hata magurudumu ya kiti cha Mama Kulwant. Wa kuuliza habari ya viza? Hakuna! Waombaji kumi na wanne, jamani, na kila mmoja wao alishawahi kusota kwenye foleni ya viza.

Mama Kulwant alikuwa Singasinga wa Kisumu, mwenye miaka themanini na mbili, na Wambui ndiye aliyeajiriwa kumtunza. Macho ya mama yalikuwa yanazimika. Daktari alishasema kufikia mwakani hataona kitu. Ndipo alipotaka jambo moja tu: kuziona tena ngazi za bandari ya Brindisi, kule kusini mwa Italia, alikoshuka melini kutoka Mombasa mwaka 1967, safarini kuja Uingereza, bibi harusi wa juzijuzi, yeye na mumewe Harbhajan.

Sasa hapa uwanja wa ndege wa Birmingham, binti wa kaunta akaigeuzageuza pasipoti ya Kenya ya Wambui.

"Viza ya Italia iko wapi?"

"Si nina kibali cha kuishi Uingereza?" Wambui akauliza.

"Hicho ni cha hapa, dada. Italia hawakitambui."

Ya Mama Kulwant ilikuwa pasipoti ya Uingereza, safi kabisa. Binti akasema mama anaweza kwenda, atasukumwa hadi kwenye kiti chake, na kule atapokelewa.

"Nenda, Mama," Wambui akambembeleza. "Nakuomba. Kosa ni langu, usiadhibiwe wewe."

"Nisukume mpaka pale kwa viti."

Akamsukuma. Mama Kulwant akaitengeneza shali yake.

"Brindisi walimzuia Harbhajan," akasema. "Karatasi yake ilikosa muhuri. Yangu ilikuwa sawa. Wakaniambia panda treni, endelea na wenzako. Nilikaa kwa ngazi zile siku mbili, nakula mkate wa kupewa, mpaka wakamwachilia. Wewe ulifikiri nataka kwenda kuangalia mawe?"

"Lakini macho yako, Mama!" Wambui akaangua kilio mbele za watu, bila haya.

"Macho ni yangu. Nyamaza, watu wanatuangalia. Toa chapati."

Wakala chapati za safari palepale, mama akimega polepole. Abiria wa Brindisi wakaitwa mara ya mwisho. Mama Kulwant akafumba macho mpaka tangazo likaisha.

"Kesho tunaomba hiyo viza," akasema. "Ikichelewa mpaka nisione, tutaenda hivyo hivyo. Utanikalisha kwa ngazi, wewe utazame, unisimulie."