Zamu ya Asiye na Mlango

Mwanamke asiyejulikana mtaani alifika kwenye kisima cha mtaa wa Kuze asubuhi ya Jumatatu, mtoto mgongoni, mtungi kichwani, akasimama nyuma ya Bi Badria. Mwaka ule wa ukame watu wa bara walishuka pwani kwa njaa, na yeye, Kasyoka, alilala kwenye kibanda cha makuti kando ya reli.

"Nyumba gani?" akauliza Bwana Zein, msimamizi wa kisima.

"Sina nyumba."

"Basi huna zamu. Tulikubaliana: kila mlango ndoo mbili."

"Mimi sikukubali. Sikuwako."

"Ungekuwako ungekubali. Ni haki tupu!"

Watu wakacheka. Badria hakucheka. Kanuni ile aliitunga yeye, ukumbini kwake, na kila aliyeitikia siku ile alikuwa na mlango.

"Bwana Zein, tuseme tulikaa pale bila kujua nani atatoka na nyumba, nani atatoka na mtungi mtupu. Ungeitikia?"

"Mimi? Mlango wangu wa msaji, una misumari ya shaba!"

"Sikukuuliza misumari."

Zein akajikuna ndevu. "Hayo ya kuwaza tu, bibi. Kisima hakijai kwa kuwaza."

"Na hilo la kwamba yeye angekubali, si la kuwaza? Mie nisingeitikia. Ijumaa mkitoka msikitini nitalisema mbele ya wote. Hadi mtakapobadili, ndoo yangu moja ni yake kila siku." Akamgeukia Kasyoka. "Njoo kesho, mwanangu. Na kesho kutwa."

Kasyoka akaja, siku baada ya siku.

Alhamisi ilikuwa arusi ya Shariffa, bintiye Badria. Alfajiri kisima kilitoa tope, na Zein akapunguza: kila mlango ndoo moja.

Afaf, mdogo wake Badria, alikuja juu. "Dada, wageni sabini! Pilau utaipika kwa mate?"

"Nilimwahidi Kasyoka ndoo moja kila siku."

"Ulikuwa na ndoo mbili! Mwenyewe akijua hali yako angeelewa."

"Wenye kiu ndio tunaowasemea daima kwamba wangeelewa." Badria hakuiachia ndoo. "Wape wageni tende na madafu. Pilau hakuna."

Afaf akashika kichwa.

Kasyoka alipobisha hodi, Badria alimimina maji yote mtungini, taratibu, tone lisipotee, kisha akamtwika.