Ukuta wa Kaskazini

Ukuta wa kaskazini wa kanisa lile, huko mbele ya Kasapa, ulikuwa mnene kuliko wa kusini, na watu wa parokia walikuwa na maelezo yao: mwaka ulipojengwa, dhambi zilizidi. Wala hawakuwa wanatania. Padri mzungu aliyelijenga hakutoa sala kuwa malipizi. Ukishaungama, alikutuma tanurini kule mtoni, ukabebe kichwani matofali ya udongo wa kichuguu. Mwenye kosa dogo alileta moja, mwenye kosa zito alibeba mpaka shingo ikakakamaa. Ndivyo zilivyopanda kuta, madirisha ya upinde, hata mnara ulioinama tangu siku ya kwanza.

Sasa limebomolewa. Mnara ulipasuka, kanisa jipya la bloku za saruji likajengwa kando ya barabara, na kila ukuta wa zamani ukabaki lundo pale ulipoangukia. Abbé Guelord, padri kijana, akatangaza baada ya misa kwamba matofali ni ya bure, mwenye shida achukue. Hakuenda mtu. Abbé, mtoto wa mjini, alishangaa mno. Lakini nani pale angejenga nyumba yake kwa dhambi ya jirani?

Régine alikuwa na shida. Ukuta wa chumba chake ulianguka masika yaliyopita, akauziba kwa turubai, na mvua nyingine ilikuwa inanukia. Alikuwa amechoka, basi. Miaka yote alifagia mle kanisani vumbi jekundu lililomwagika kutoka kuta zile, akinung'unika na kufagia, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Alichoka zaidi na kunyamaziwa. Tangu utoto wake, akipita, wakubwa walitupia jicho chini ya dirisha la tatu la kaskazini, kisha wakaanza habari za mihogo. Pale ndipo Mwila, mama yake, alipopeleka matofali kiangazi kizima, tumbo kubwa na mume hana.

Asubuhi moja akasokota kitenge kuwa kata ya kichwani, akaenda. Mjukuu wake Sephora alimfuata akimsihi: watu watasema, na yeye hatalala ndani ya nyumba hiyo. Régine alizidi kwenda. Alifika palipokuwa dirisha la tatu, akaanza kuchagua mazima. Wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji wakasimama. Jirani yake Ngalula akamuuliza polepole kama haogopi kupeleka nyumbani dhambi ya mama yake.

"Ile zambi njo miye, mama Ngalula," Régine akasema. "Alinibeba mu tumbo, akabeba na matofali sababu ya miye. Hii iko ya kwangu. Acha nibebe."

Alijitwika matatu, yakamlemea, akarudisha moja chini, akashika njia taratibu.

Karibu na nyumbani alisikia nyayo za Sephora nyuma yake, na pumzi ya mtu aliyejitwika kitu kizito. Hakugeuka. Shingo haikumruhusu.