Jogoo Ndani ya Neno

Mwaka wa 1957 mtawa wa zahanati ya misheni alimtazama mdogo wangu Silvère akikohoa, akamwambia mama kwa Kifaransa: "Coqueluche." Basi, akageuka. Mama alikuwa mfuaji nguo wa mapadri, na katika tamko hilo alilitambua neno moja tu la jikoni kwao: coq, jogoo. Akarudi, akamchinja jogoo wetu, akampa mtoto mchuzi. Misheni nzima ilimcheka. Silvère tulimzika siku ya nne, na kicheko kile ninacho mpaka leo.

Mwaka 1991 nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huku mtaani Gikondo, nimempakata binti yangu Gaju, miaka miwili.

"Mtoto iko sawa, Papa Gaju," muuguzi Épiphanie akasema. "Ni mafua tu. Rudi nyumbani."

"Anakohoa mpaka midomo inakuwa myeusi."

"Mbona hapa hakohoi? Ama ananiogopa?"

Foleni ikacheka. Kicheko kilekile! Sikuondoka.

"Muganga, hii ni coqueluche. Waswahili wanaita kifaduro."

"Yeee!" Épiphanie akasema. "Fundi viatu amekuwa docteur!"

Hapo Gaju akaanza. Alikohoa mara kumi, mara kumi na tano, bila kuvuta hewa, macho yamemtoka. Kisha kimya. Nikafikiri nimempoteza. Mara pumzi ikaingia kwa mlio mwembamba, mrefu, unaopanda: jogoo mchanga anayejifunza kuwika.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Katika kamusi niliyoiokota bila jalada nilisoma kwamba wengine wanalitoa neno coqueluche kwenye kofia waliyofunikwa wagonjwa, wengine kwenye kuwika kwa jogoo. Nililisoma kwa macho. Sasa nililisikia likitoka kifuani mwa mwanangu. Na mama, asiyejua kusoma hata jina lake, alimsikia yule jogoo humo miaka thelathini na minne kabla yangu! Walichomnyima pale misheni ni nusu ya pili tu: dawa.

Épiphanie alichana karatasi aliyokuwa ameandika mafua. Akaandika upya, akanipa chupa ya dawa ya maji.

"Kila baada ya saa sita, siku kumi na nne. Usiruke hata mara moja. Na watoto wengine wasilale naye."

"Asante, muganga. Sasa waambie na hawa. Neno, na maana yake."

Alinitazama kwa hasira. Kisha akamtazama Gaju, akasimama mbele ya foleni.

"Wamama," akasema, "mtoto akikohoa halafu akawika kama jogoo..."