Kijani Juu, Nyekundu Chini

Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye mtaalamu wa miamba aliyeniombea kazi hapa kambini, tunakotafuta madini ya nikeli. Asubuhi ile ndiye aliyekuja kunifokea mbele ya watu.

"Umepanga masanduku kichwa chini miguu juu! Angalia mwenyewe, kijani juu, nyekundu chini!"

Kazi yangu ni kupokea udongo unaotolewa na mashine ya kuchoronga na kuupanga sandukuni, wa juu kwanza, wa chini mwisho. Haihitaji digrii. Na kila anayeshinda kwenye kilima hiki anajua mpangilio wake: mvua ya miaka na miaka huiosha nikeli kutoka juu, huacha udongo mwekundu kama kutu, nayo nikeli hutuama chini kwenye udongo wa kijani. Masanduku yangu yalisema kinyume.

"Nimepanga sawa, shemeji."

"Basi kilima ndicho kimekosea? Bosi anataka uondoke leo leo. Nimwambie nini?"

Nilichanganyikiwa. Niligeuza sanduku, nikaligeuza tena. Labda ni usingizi: mtoto wetu mchanga halali, na vyumba vya wafanyakazi, pale chini ya kilima, kuta zake nyembamba. Niliona aibu, halafu hasira, halafu sikujua naona nini.

"Chorongeni tena hapo pembeni," shemeji akaamuru. "Na huyu asiguse kitu."

Akapokea udongo kwa mikono yake. Kijani. Kijani tena. Kisha nyekundu.

Nikapiga makofi kama mwehu. "Haya, mtaalamu! Na wewe umegeuza?"

Hakucheka. Alishika donge jekundu, akautazama mteremko, akalitazama tena donge.

"Sielewi," alisema. Kisha nikamwona anaelewa, na uso ukamshuka.

"Nyekundu ndiyo iliyokuwa juu zamani. Kilima kiliwahi kuporomoka, udongo wa kijani wa ndani kule juu ukaja kuufunika huu mwekundu. Na kikiporomoka tena..." Akatazama chini, kwenye mabati ya vyumba vyetu.

Mimi bado nilikuwa kwenye ushindi wangu. "Kwa hiyo kazi yangu ipo?"

"Ipo, shemeji. Kamtoe mkeo na mtoto. Watoe wote, mvua hiyo inakuja."

Nilitimua mbio kuteremka, manyunyu yakinipiga usoni, nikimwomba Mungu iwe ni mimi niliyepanga vibaya.